"Faili Limepotea": Kauli Tusiyopaswa Kuikubali Tena

Yeyote aliyewahi kufuatilia haki yake katika ofisi ya umma anaifahamu kauli hii: "Faili lako halionekani." Mstaafu anayefuatilia mafao ameisikia. Mjane anayedai kiwanja cha marehemu mumewe ameisikia. Mwalimu anayesubiri kupandishwa daraja ameisikia mara tatu kwa mwaka. Ni kauli inayotamkwa kwa upole, hata kwa huruma, na ndani yake hamna mtenda. Hakuna aliyelipoteza faili. Faili limejipotea lenyewe. Na katika zama za masijala za karatasi sote tulijua kwamba yapo mafaili yaliyokuwa "yakipotea" asubuhi na kuonekana jioni, baada ya mwenye shida kuelewa kwamba karani naye hajanywa chai.

Leo kauli hiyo imebadili mavazi. Siku hizi tunaambiwa: "Kompyuta ilikufa." "Diski iligoma." "Virusi vilikula kila kitu." Mwananchi aliyeweza kuhoji kuhusu jalada la karatasi, akaomba hata kuingia masijala kulitafuta mwenyewe, sasa ananyamaza. Atahoji nini juu ya kitu asichokiona? Kompyuta imegeuka mganga ambaye neno lake halijadiliwi.

Katika makala haya nataka kutetea hoja moja: sehemu kubwa ya kile tunachokiita "kupotea" kwa mafaili ya kompyuta si kupotea, bali ni kutojua kutafuta. Zana za kutafutia zipo, ni nzuri, na hazidai hata senti moja. Na maadamu zipo, kutozijua kumekuwa uamuzi wa kisiasa, wenye wanaonufaika nao na wanaoumia kwao.

Nianze na lililonifika mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisimamia tasnifu ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyekuwa akichunguza migogoro ya mipaka baina ya wakulima na wafugaji. Alikaa vijijini miezi mitano. Alirekodi mahojiano 41, mengi yakiwa ya wazee waliokuwepo wakati mipaka ya vijiji ilipowekwa. Sauti zote, picha za ramani zilizochorwa kwa mkono na mihtasari ya mikutano ya vijiji aliihifadhi katika diski moja ya nje ya terabaiti moja. Kompyuta mpakato yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo kila alichokihamishia kwenye diski alikifuta kwenye kompyuta.

Siku moja alikuja ofisini kwangu. Alisema, "Shikamoo Mwalimu," kisha akakaa bila kuendelea. Nilimjibu, nikasubiri. Nduguye alikuwa amechomeka ile diski kwenye king'amuzi ili arekodi mechi. King'amuzi kikamwuliza kama kiiandae diski kwa matumizi, naye akabonyeza "ndiyo". Ilirekodiwa dakika chache za mpira, kisha umeme ukakatika. Diski iliporudishwa kwenye kompyuta ilionekana tupu, isipokuwa hizo dakika za mpira. Fundi wa mjini aliitazama, akasema data zote zimekwenda, lakini kwa shilingi 400,000 angejaribu "programu ya kulipia", bila kuahidi lolote. Kwa mwanafunzi yule hizo zilikuwa fedha za chakula na pango la miezi mingi.

Sikuwa na umahiri wa pekee. Mimi ni mtu wa sayansi ya jamii. Lakini niliwahi kuonyeshwa na mwenzangu wa idara nyingine jambo moja ambalo tangu hapo sijalisahau: diski ikipata matatizo, hatua ya kwanza ni kutoifanya chochote. Nilimwambia aniachie diski na asiichomeke tena mahali popote.

Naomba msomaji anivumilie nieleze ufundi wake kidogo, maana siasa ya jambo hili imejificha ndani ya ufundi huo.

Unapofuta faili kwenye kompyuta, kompyuta hailichani. Fikiria masijala yenye daftari la kuorodhesha majalada na rafu za kuyaweka. Kufuta faili ni kukata mstari kwenye daftari na kuandika kwamba nafasi ile ya rafu sasa iko wazi. Jalada lenyewe linabaki pale pale, limejaa karatasi zake, hadi siku karani atakapohitaji nafasi aliondoe na kuweka jingine. Kabla ya siku hiyo, mtu yeyote atakayeacha kutazama daftari na kwenda kwenye rafu atalikuta.

Patisheni nayo, yaani mgawanyo wa diski, ni kama mipaka ya shamba. Katika diski zilizogawanywa kwa utaratibu wa zamani, ambao bado unatumika sana, orodha ya mipaka yote huandikwa kwenye sekta ya kwanza kabisa, yenye baiti 512. Orodha yenyewe ndani ya sekta hiyo inachukua baiti 64 tu: nafasi nne, kila moja baiti 16. Terabaiti moja ni baiti trilioni moja. Kwa hiyo baiti 64 zikiharibika, kompyuta husema haioni kitu, na mwenye diski hulia akidhani amepoteza trilioni nzima. Ni sawa na mtu aliyeng'olewa mawe ya mpaka akaamini kwamba udongo nao umeondoka.

Hapo ndipo ilipo kazi ya programu iitwayo TestDisk. Imeandikwa na Mfaransa Christophe Grenier, ambaye ameiendeleza tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Hufanya kile ambacho mpima ardhi mzoefu angefanya: huacha ramani iliyoharibika, ikatembea shambani kwenyewe kutafuta alama za mipaka ya zamani. Mifumo mingi ya kuhifadhi mafaili huacha alama hizo kwa makusudi. Mfumo wa NTFS, ambao kompyuta za Windows huutumia, huweka nakala ya sekta yake ya mwanzo mwishoni mwa patisheni. Utaratibu mpya wa kugawanya diski, GPT, huweka nakala nzima ya jedwali la mipaka mwishoni mwa diski. TestDisk huzikuta alama hizo, hukuonyesha mafaili yaliyomo ili uhakikishe ndiyo yenyewe, na ukiridhika huirudisha mipaka mahali pake au hukuwezesha kuyanakili mafaili kwenda diski nyingine.

Programu hiyo ina ndugu yake, PhotoRec, ambayo huja pamoja nayo. Hiyo haijali daftari wala mipaka. Hupita sekta kwa sekta ikitafuta sura ya faili lenyewe, kwani kila aina ya faili ina namna yake ya kuanza. Picha ya JPEG huanza na baiti zilezile tatu daima. Hati ya PDF huanza kwa kujitaja jina. PhotoRec inazitambua aina zaidi ya mia nne. Hasara yake ni kwamba majina ya mafaili hayarudi. Unapata maelfu ya mafaili yenye namba tu na unaketi kuyatambua moja moja, kama mtu anayepanga upya majalada yaliyomwagika sakafuni.

Kabla ya hizo mbili ipo ya tatu, GNU ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Kazi yake ni kunakili diski nzima, sekta kwa sekta, hata ikiwa mbovu. Huchukua kwanza sehemu nzima, ikaacha zilizoharibika, kisha ikazirudia taratibu, na wakati wote ikiandika pembeni imefika wapi ili umeme ukikatika isianze upya. Kwa mazingira yetu hilo la mwisho si dogo.

Ndivyo nilivyofanya kwa ile diski. Niliazima diski nyingine kubwa zaidi, nikainakili ya mwanafunzi usiku kucha, kisha nikafanya kazi juu ya nakala. Kanuni ni hiyo: diski ya asili haiguswi, na kinachookolewa hakiwekwi kamwe juu ya diski inayookolewa. Kesho yake TestDisk iliiona patisheni ya zamani. Nilipobonyeza kuorodhesha mafaili, majina yalishuka kwenye kioo cheusi: jina la kijiji, tarehe, jina la mzee. Mwanafunzi alikuwa amesimama nyuma yangu. Alianza kuyasoma kwa sauti, kama anayeita mahudhurio.

Hayakurudi yote. Kati ya mahojiano 41, 34 yalifunguka na kusikika. Saba yalikuwa na majina lakini ndani yake hamkuwa na kitu cha kusikiliza, kwa sababu zile dakika za mpira zilikuwa zimeandikwa juu yake. PhotoRec nayo haikupata cha maana. Jalada jipya lilikuwa limeshawekwa kwenye rafu ileile. Sita kati ya hayo saba aliweza kurudi kijijini kuyarudia. La saba lilikuwa la bibi mmoja aliyesimulia jinsi mto ulivyohamishwa kuwa mpaka, na bibi huyo alikuwa ameshafariki.

Ninakisimulia kisa hiki pamoja na upungufu wake kwa makusudi. Sitaki msomaji aondoke akidhani kuna dawa ya kila kitu. Diski inayogonga "tiki, tiki" imevunjika ndani, na hakuna programu itakayoitengeneza; izime, umpelekee mtaalamu mwenye vifaa. Diski za kisasa za SSD aghalabu huambiwa mara moja ni nafasi zipi zimefutwa, nazo huzisafisha zenyewe, kiasi kwamba faili lililofutwa jana huenda leo halipo kabisa. Simu nyingi za sasa husimba kila kitu, na bila ufunguo hakuna njia. Lakini hata ukiondoa yote hayo, bado lipo lundo kubwa la flashi, kadi za kamera, diski za nje na kompyuta za ofisi ambazo kila wiki hutangazwa kufa na hali zina uhai.

Sasa nirudi kwenye siasa.

Nimetaja programu tatu, na zote ni programu huria. Neno hili huchukuliwa kwetu kuwa na maana ya "bure", na kitu cha bure hudharauliwa. Maana yake ni pana kuliko hiyo. Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na mfuko wake ulipoanzishwa mwaka 1985, lililodaiwa lilikuwa uhuru: uhuru wa kuitumia programu kwa lengo lolote, kuichunguza inavyofanya kazi, kuigawa kwa jirani, na kuiboresha kisha kuigawa iliyoboreshwa. Leseni iliyotokana na dai hilo ndiyo inayolinda TestDisk na ddrescue hadi leo. Hakuna atakayeamka kesho akaifunga na kudai malipo.

Linganisha na hali ya kawaida ya mjini. Programu nyingi za biashara za kuokoa data hukuachia utafute bure. Hukuonyesha hata majina ya mafaili yako yaliyopatikana, kisha hukwambia ulipe ndipo uyachukue. Mafaili ni yako, machozi ni yako, ufunguo ni wao. Fundi wetu naye, kwa kuwa hawezi kulipia leseni kwa dola, hupakua nakala ya wizi kutoka mahali asipopajua, na nakala hiyo mara nyingi huja na virusi vyake. Simlaumu sana. Hakuna chuo kilichomfundisha njia nyingine. Lakini tazama matokeo: taarifa za mgonjwa, mishahara ya watumishi, ushahidi wa mwanaharakati, vyote vinapita katika programu isiyojulikana inafanya nini, mikononi mwa mtu asiye na mkataba wowote na mwenye taarifa. Kisha tunajivunia kwamba tuna sheria.

Na sheria tunazo kweli. Tanzania ilitunga Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa mwaka 2002, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ilikuwa na sheria yake ya ulinzi wa data tangu 2019. Nakubaliana na roho ya sheria hizi. Lakini sheria inayomtaka mtumishi alinde kumbukumbu, bila kumpa ujuzi wa kuzilinda wala wa kuziokoa, inamwandalia kosa.

Tusidhani pia kwamba haya ni mambo ya ofisi ndogo peke yake. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipobatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, mojawapo ya mambo yaliyoiangusha tume ya uchaguzi ni kutotekeleza ipasavyo amri ya kuruhusu seva zake zikaguliwe. Raia wa kawaida, wasiojua seva ina umbo gani, walianza kudai seva zifunguliwe. Waliuelewa ukweli ambao wasomi wengi bado hatujaufundisha darasani: katika karne hii, ushahidi wa haki na wa dhuluma unakaa kwenye diski. Anayedhibiti maarifa ya kuisoma diski anadhibiti kile kinachoitwa ukweli.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao unawahusu zaidi wanaharakati na watumishi wa umma. Ikiwa kilichofutwa hakijatoweka, basi siri ulizofuta nazo hazijatoweka.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao. Walinunua diski 158 zilizokwishatumika. Kati ya 129 zilizoweza kufanya kazi, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Humo walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walinunua diski sokoni nchini Ghana, zilizotoka kwenye shehena za kompyuta chakavu za nchi tajiri. Katika diski moja walikuta nyaraka za mikataba ya Northrop Grumman, kampuni inayoiuzia serikali ya Marekani zana za kijeshi. Ikiwa kampuni ya ulinzi ya Marekani inasahau hivyo, ofisi ya kata itakumbuka?

Nasi tunauza kompyuta zetu chakavu kwa mnada. Tunagawa za ofisi kwa shule. Tunapeleka simu na kompyuta kwa fundi na kumwachia siku tatu. Kila mara tunafuta, tunafomati, na tunalala usingizi tukidhani tumesafisha. Anayejua kuokoa faili hawezi tena kudanganyika hivyo. Atatumia programu huria kama nwipe au shred kuiandika upya diski ya zamani nzima kabla ya kuitoa. Kwa SSD atatumia amri ya kufuta iliyomo ndani ya diski yenyewe. Na bora zaidi, ataisimba diski tangu siku ya kwanza, kwa VeraCrypt au LUKS, ili ikiibwa asiyehusika asione kitu. Ufahamu wa kuokoa na ufahamu wa kuficha ni mizani ya pande mbili. Huwezi kuujua mmoja vizuri bila mwingine.

Kwa mwandishi wa habari au mwanaharakati aliyenyang'anywa kamera na kulazimishwa afute picha mbele ya aliyemnyang'anya, nina ushauri mfupi. Futa unavyoambiwa, usihatarishe maisha. Kisha usipige picha nyingine hata moja kwa kadi ile. Itoe, iweke mfukoni, ukifika salama inakili na uipitishe PhotoRec. Programu hiyo ilipata jina lake kutokana na kazi hiyo ya picha. Alichodhani amekifuta kwa amri, aghalabu bado kipo.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Nimezisikia katika vikao.

Ya kwanza: "Ukiwafundisha watu mambo haya, unawafundisha wapelelezi na wezi." Wezi na wapelelezi wanayajua zamani. Programu ya Foremost, inayofanya kazi inayofanana na ya PhotoRec, iliandikwa na maofisa wa idara ya upelelezi ya jeshi la anga la Marekani kabla ya kuachiwa umma. Kwa hiyo dola inayajua. Aliyebaki gizani ni mwanafunzi, karani na mwananchi. Kuwanyima hao maarifa hakumzuii mwizi, kunamzuia aliyeibiwa.

Ya pili: "Kitu cha bure hakina wa kuwajibika." Kwani cha kulipia kina nani? Soma mkataba wowote wa programu ya biashara, ule tunaoukubali bila kuusoma, utakuta mtengenezaji amejivua dhamana ya upotevu wa data yako. Tofauti ni kwamba programu huria inaweza kukaguliwa na mhandisi wetu hapa hapa. Ile nyingine haikaguliki.

Ya tatu ndiyo nzito, nami naikubali kwa sehemu: "Zana hizi ni ngumu, na zote ni za Kiingereza." Ni kweli. TestDisk haina madirisha ya kupendeza. Ni kioo cheusi, mishale ya kibodi, na maswali yanayotisha. Kubonyeza vibaya mahali pa kuandika kunaweza kuharibu zaidi. Karani wa masijala aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha akapambana na Kiingereza cha sekondari, ataogopa, na ana haki ya kuogopa. Lakini hiyo ni hoja dhidi yetu wahadhiri wala si dhidi ya zana. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliweza kutoa OpenOffice kwa Kiswahili, ikiitwa Jambo OpenOffice, wakati ambapo wengi walidai lugha yetu haina maneno ya kompyuta. Uliwezekana kwa sababu programu ilikuwa huria. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa kwa mwenye mali. Leo tuna idara za Kiswahili, za sayansi ya kompyuta na za utunzaji wa kumbukumbu katika vyuo vingi. Iko wapi miongozo ya Kiswahili ya kurasa kumi ya kumwelekeza karani nini afanye diski ikigoma? Tunaandika makala juu ya ubidhaishaji wa Kiswahili, tena nyingine kwa Kiingereza, na mwongozo huo haupo.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na yote yanaweza kuanza mwaka huu bila mfadhili.

Kwanza, kila chuo kiweke saa mbili, si zaidi, katika kozi ya mbinu za utafiti, za kumfundisha mwanafunzi kutunza na kuokoa data. Tunawafundisha namna ya kuchagua sampuli, namna ya kunukuu, hata namna ya kupanga pambizo za tasnifu. Hatuwafundishi kwamba data iliyo mahali pamoja ni data iliyo njiani kupotea. Kanuni ni rahisi: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba unamolala.

Pili, kila halmashauri na kila taasisi iwe na mtumishi mmoja angalau aliyefunzwa zana hizi, mwenye diski tupu ya akiba na flashi yenye mfumo huria wa uokoaji unaoweza kuwasha kompyuta iliyogoma. Gharama yake ni ndogo kuliko posho ya kikao kimoja.

Tatu, kauli ya "data zimepotea" isikubaliwe kwa mdomo. Afisa atakayeitoa aambatishe taarifa fupi ya maandishi: diski ilipata nini, lini, nani aliigusa baada ya hapo, zana gani zilijaribiwa, na diski yenyewe iko wapi sasa. Mkaguzi aiombe. Diwani aiulize. Diski iliyokufa isitupwe wala kufomatiwa kabla taarifa hiyo haijasomwa. Yule aliyepoteza kwa bahati mbaya hatapata hasara kwa utaratibu huu. Atakayeumia ni yule aliyezoea kupoteza kwa faida.

Nne, wanafunzi wa kompyuta wasisubiri wizara. Jumamosi moja kwa mwezi, wakae chini ya mti au ukumbini, watu walete flashi zao zilizokufa. Watajifunza zaidi hapo kuliko katika mitihani yetu, na fundi wa mjini akaribishwe ajifunze nao, maana ndiye atakayeendelea kupelekewa diski za watu tukishaondoka.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tuliielewa methali hiyo kama ya wafanyabiashara. Lakini taifa nalo lina mali yake, na daftari lake sasa ni diski. Likifutwa, mipaka ya vijiji, michango ya wastaafu, vyeti vya watoto, vyote huisha bila habari, na wa kuulizwa hayupo, kwa sababu faili "limejipotea".

Nami nina sehemu yangu katika lawama hii. Mwanafunzi yule alipoketi mbele yangu siku ile, nilikuwa msimamizi wake kwa mwaka mzima. Nilikuwa nimemsahihisha nukta na mikato ya pendekezo lake la utafiti. Sikuwa nimemwuliza hata siku moja: "Data zako umeziweka wapi, na nakala iko wapi?" Tasnifu yake ilipita vizuri, na ina mahojiano 40. Katika ukurasa wa shukrani aliwataja wazee wote waliomsaidia, na jina la bibi yule limo. Maneno yake hayamo. Sasa kila mwaka, katika kipindi cha kwanza cha kozi yangu, swali hilo ndilo ninaloanza nalo, kabla ya nadharia yoyote.